Katiba ya Kenya au ya Tanzania: ipi inambana mtawala?

Mjadala wa katiba mpya ukipamba moto huku kwetu, hakosekani mtu wa kusema, "Tunahangaika nini? Tuchukue ya Kenya, tufute neno Kenya, tuandike Tanzania." Na hakosekani Mkenya wa kumjibu, "Chukueni bure, nasi mtupe utulivu wenu." Nimewahi kuwasikia wawili wa aina hiyo pale Namanga, kwenye kibanda cha chai upande wa Tanzania, mmoja dereva wa lori, mwingine muuza vitunguu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alikuwa na hoja zake, ila swali ambalo kwangu ndilo la kwanza halikuulizwa: siku serikali ikitaka kuiondoa mipaka iliyowekewa, ni lazima kwanza nani akubali?

Kwa swali hilo nitazipima hizi mbili, ya Tanzania ya 1977 na ya Kenya ya 2010. Sitazipima kwa uzuri wa maneno. Maneno mazuri hata Uganda inayo: katiba yake ya 1995 iliweka ukomo wa mihula miwili ya urais. Mwaka 2005 Bunge likaufuta. Mwaka 2017 likafuta na ukomo wa umri wa miaka 75, siku ambazo ndani ya ukumbi viti vilirushwa na wabunge wakatolewa kwa kubebwa na askari. Rais ni yuleyule wa 1986.

Jinsi mipaka ilivyotoka mara ya kwanza

Ukisema "serikali isiyo na mipaka" watu hufikiria vifaru na muziki wa jeshi redioni. Kampala ya 1966 ilikaribia hapo. Tarehe 15 Aprili, askari wakiwa wamelizunguka jengo, wabunge wa Milton Obote walipitisha katiba ambayo hawakuwa wameisoma, wakaambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Nairobi na Dar es Salaam hakukuhitajika askari hata mmoja. Kila kitu kilifuata utaratibu, na kwa sababu hiyo ndiko kwenye mafunzo zaidi.

Katiba ya uhuru ya Kenya, ya 1963, ilikazwa hasa. Kulikuwa na majimbo yenye mabunge yake, Seneti, sura nzima ya haki za raia, na masharti ya kuibadili ambayo leo yangemchekesha mtu: robo tatu ya kura katika kila bunge, na kwa mambo mazito kama majimbo, tisa ya kumi ya Seneti. Ungedhani haigusiki. Lakini hela za majimbo zilipitia mikononi mwa serikali kuu, nayo ikazibana. Wanasiasa wa KADU, waliokuwa watetezi wa majimbo, wakaanza kuvuka upande mmoja mmoja, na Novemba 1964 chama kizima kikajivunja na kuingia KANU, chama tawala. Tisa ya kumi ina uzito gani wote wakishakaa benchi moja? Mwaka 1964 haukuisha kabla ya majimbo kunyofolewa nguvu na nchi kuwa jamhuri yenye rais mtendaji. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadili katiba kikashushwa hadi asilimia 65.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Oginga Odinga alipojiondoa KANU na kuanzisha chama cha KPU mwaka 1966, Bunge lilibadili katiba harakaharaka ili mbunge anayehama chama apoteze kiti. Wenzake wakarudishwa kwa wapiga kura na wengi wao wakaanguka. Mwaka huohuo mlango wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka ukafunguliwa, na Seneti ikavunjwa. Mwaka 1975 katiba ilibadilishwa ili Rais aweze kumsamehe mwanasiasa aliyezuiwa na mahakama kugombea kwa makosa ya uchaguzi. Aliyenufaika alijulikana kwa jina, Paul Ngei, rafiki wa Rais Jomo Kenyatta tangu waliposhtakiwa pamoja Kapenguria. Juni 1982, Odinga na George Anyona walipotaka kusajili chama, kikaingizwa kifungu cha 2A: KANU peke yake. Makamu wa Rais siku hiyo alikuwa Mwai Kibaki, huyohuyo ambaye miaka 28 baadaye, akiwa Rais, aliitia saini katiba mpya pale Uhuru Park.

Nikae kidogo kwenye hatua ya mwisho, maana wengi huipita. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu waliondolewa kinga ya kutofukuzwa ovyo. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji, na polisi wakaruhusiwa kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa hadi siku 14 kabla ya kumfikisha kortini. Hiyo ndiyo miaka ya vyumba vya mateso vya Nyayo House, na mwaka wa uchaguzi wa mlolongo, ambapo watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea na mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Chama kimoja kilikuwa tayari, Bunge lilikuwa tayari, na bado ofisi ya Rais, sasa Daniel arap Moi, iliona haijamaliza mpaka imefikia kiti cha jaji na cha mkaguzi. Kama unataka kujua mtawala anaogopa nini, angalia aliporudi kufunga wakati ameshashika kila kitu kingine.

Tanganyika haikuvunja mengi kwa sababu hapakuwa na mengi ya kuvunja. Katiba ya 1961 haikuwa na hati ya haki za binadamu. TANU, chama tawala, waliikataa, wakihofu kwamba majaji, ambao wakati ule walikuwa wageni, wangeitumia kuzuia mipango ya maendeleo. Mwaka 1962 jamhuri ikaja na rais mwenye nguvu na sheria ya kuweka watu kizuizini. Mwaka 1964 iliundwa tume kuhusu chama kimoja, lakini haikuulizwa kama chama kimoja kinafaa. Iliulizwa kiwe cha namna gani. Mwaka 1965 kikawa sheria. Mwaka 1975 chama kikaandikwa kwenye katiba kuwa juu ya vyote, ndiyo "chama kushika hatamu". Watu 20 waliopewa kazi ya kuunganisha TANU na ASP ya Zanzibar mwaka 1977 ndio haohao waliopewa kuandaa katiba ya nchi, ile tunayotumia.

Wenzangu hunikasirikia nikisema kwamba njia ya Tanzania, pamoja na upole wake, iliacha deni kubwa zaidi. Kenya walijua wameibiwa nini. Waliweza kukihesabu, kifungu kwa kifungu, na miaka ya tisini wakaenda mitaani kukidai. Sisi tulikabidhi kwa hiari, kwa mtu tuliyempenda, na kwa sababu zilizosikika za busara. Nyerere mwenyewe alikiri kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Alimaanisha kwamba yeye hakuyatumia hivyo, na kwa sehemu kubwa watu walimwamini. Ila madaraka hayakuzikwa naye Butiama.

Kuibadili katiba yenyewe

Tanzania: ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa mambo machache ya orodha maalumu, kama kuwepo kwa Muungano na madaraka ya Zanzibar, ni theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande kivyake. Ukomo wa mihula ya urais haumo kwenye orodha hiyo. Mwananchi haulizwi popote. Baada ya uchaguzi wa 2020, wabunge wa majimbo wa upinzani ungewahesabu kwa vidole vyako vya mikono na vikabaki, kwa hiyo theluthi mbili ilikuwa ni kikao cha chama kimoja. Wapo waliotamka hadharani kwamba John Magufuli aongezewe muda. Mwenyewe alisema hataki. Kilichoulinda ukomo wa mihula katika miezi ile kilikuwa neno la mtu mmoja, ambaye angeweza kusema lingine.

Kenya: ibara ya 255 inataja mambo ambayo Bunge peke yake haliwezi kuyagusa. Muhula wa Rais, haki za raia, uhuru wa mahakama, ugatuzi, na mengine kadhaa, ni lazima yaende kwenye kura ya maoni. Ufunguo mmoja uko nje ya jengo la Bunge. Nao umeshajaribiwa. Mpango wa kubadili katiba ulioitwa BBI, wa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga baada ya kupeana mkono, ulikuwa na Rais, kiongozi wa upinzani, na mabunge mengi ya kaunti. Mwaka 1966 hao wangetosha na kubaki. Mahakama Kuu ikausimamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufani Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema Rais hawezi kujificha nyuma ya utaratibu uliowekewa wananchi wa kawaida.

Atakayesema kura ya maoni ni jambo geni kwa Watanzania, akumbushwe Zanzibar. Walipiga yao tarehe 31 Julai 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, siku nne kabla Wakenya hawajapiga ya kwao.

Hapa ya Kenya inashinda, bila ubishi.

Kwenda kuishtaki serikali

Kenya, mtu yeyote anaweza kufungua kesi ya haki za msingi, kwa niaba yake au ya mwingine au ya umma, na katiba inakataza kutozwa ada ya kuifungua. Hata karatasi iliyoandikwa kienyeji inaweza kupokelewa. Majaji hupatikana kwa usaili wa tume ambayo ndani yake wamo wawakilishi waliochaguliwa na majaji na mawakili wenyewe, na Rais huwateua waliopendekezwa.

Tanzania, hati ya haki iliingia kwenye katiba mwaka 1984, ikafungiwa kabatini hadi Machi 1988 ili serikali isafishe kwanza sheria zake. Haikuzisafisha. Tume ya Jaji Nyalali ilipopita mwaka 1991 ilikuta sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa. Kisha ikaja hadithi ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama, ambayo naiona ni somo zima la uraia. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Mwaka uleule Bunge likabadili katiba kuufuta ushindi wake. Alirudi, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la wanasiasa, si la majaji. Mwaka 2013 akashinda kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake ni hapohapo Arusha. Alikufa mwaka 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja. Mwaka 2019 Tanzania ikaondoa ruhusa ya raia kuipeleka moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, na mwaka 2020 sheria ikabadilishwa: anayetaka kufungua kesi ya haki za msingi aonyeshe kwanza yeye binafsi ameumizwa vipi.

Kuhusu matokeo ya urais tofauti haihitaji maelezo marefu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta ushindi wa Rais aliye madarakani. Aliwaita "wakora", akasema watashughulikiwa, lakini uchaguzi ulirudiwa. Tanzania, ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza.

Lakini Mkenya asijipigie makofi mapema. Tume yao ya mahakama ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019. Rais akakaa na majina hayo karibu miaka miwili, akateua 34, na sita akawakataa hadharani. Mwanasiasa Miguna Miguna alipandishwa ndege na kufukuzwa nchini mwaka 2018 huku amri za mahakama za kuzuia zikiwa mezani.

Saa 24 na saa 48

Hapa ndipo ningemtaka msomaji atulie, kwa sababu habari za urais huwa mbali na maisha ya mtu wa kawaida, lakini hii haiko mbali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye mkutano wa hadhara katika wilaya ambayo sitaitaja. Turubai, viti vya plastiki, spika inayokwaruza. Mtendaji wa kijiji aliulizwa hela za mchango wa zahanati ziko wapi, akaanza kujieleza, akataja kwamba sehemu zilipelekwa wilayani. Mkuu wa wilaya alimkata kauli, akageuka kwa askari aliyesimama pembeni: "Mweke ndani huyu, saa arobaini na nane, atapata akili." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, nakiri. Yule bwana alivua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni, akafuata. Baadaye tu ndipo nilipojiuliza alikuwa ametenda kosa gani, kwa sheria ipi.

Sheria ipo. Ni ya tawala za mikoa, ya 1997, na inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Ina masharti: mtu awe ametenda au anakaribia kutenda kosa au kuvunja amani, na sababu ziandikwe kupelekwa kwa hakimu. Mimi sikuona mtu aliyeandika kitu.

Ongeza makosa yasiyo na dhamana. Utakatishaji fedha, kwa mfano: mshtakiwa hurudishwa rumande, baada ya siku 14 analetwa, wakili wa serikali anasimama, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika," anarudishwa. Watu wamemaliza miaka kwa sentensi hiyo moja. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitengua kifungu kinachozuia dhamana. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Kenya imeziandika saa 24 ndani ya katiba, ibara ya 49, na dhamana nayo imo humohumo. Hakuna kamishna wa kaunti mwenye saa 48 zake mfukoni. Basi vijana waliochukuliwa mwaka 2024, baada ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, na watu wasio na sare kwenye magari yasiyoeleweka namba? Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu visa 82 kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Mtanzania huuliza: sasa hiyo katiba yenu ilisaidia nini?

Nimelifikiria sana swali hilo, na jibu langu ni hili. Yule mtekaji wa Nairobi alilazimika kuficha sura na namba ya gari kwa sababu alijua anavunja sheria, na ukipatikana ushahidi anashtakiwa. Mkuu wangu wa wilaya alisimama mchana kweupe, kipaza sauti mkononi, sheria ikiwa upande wake au akiamini iko upande wake. Aliyetekwa hapati nafuu kwa tofauti hiyo, sitadanganya. Ila familia yake ina mahali pa kuanzia, na wakili wake ana karatasi ya kushika.

Hela na kaunti, kwa ufupi

Kenya walikumbuka jinsi majimbo yalivyokufa njaa, wakaandika kwamba kaunti 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Nayo imezaa magavana wenye misafara mirefu, hilo hatulikatai. Tanzania, serikali za mitaa ziliwahi kufutwa kabisa mwaka 1972 na kurudishwa miaka ya themanini, wakurugenzi wake huteuliwa na Rais, na mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya kodi ya taifa. Kama hofu yako ni serikali isiyobanwa, ya Kenya ni bora. Kama hofu yako ni gharama, fikiria mara mbili.

Sasa uchague nini

Tanzania ina jambo moja ambalo Kenya ya zamani na Uganda hazikuweza: Mwinyi aliondoka, Mkapa akaondoka, Kikwete akaondoka, kila mmoja kwa wakati wake. Tusilibeze. Lakini kilichowaondoa ni desturi ya chama zaidi ya nguvu ya ibara, na desturi hiyo inatunzwa na walewale inaowabana.

Ukiwa Mtanzania na unaulizwa maoni, usiombe katiba nzima ya Kenya. Usianze na Seneti wala kaunti. Anza na mahakama: ibara ya 41(7) iondoke, na mtu yeyote aruhusiwe kuitetea katiba kortini hata kama hakuumizwa yeye, kama ibara ya 26(2) ya katiba yetu wenyewe inavyosema tayari. Pili, mihula ya Rais na sura ya haki zilindwe kwa kura ya maoni. Tatu, saa 48 zifutwe. Hiyo haihitaji hata katiba mpya, ni Bunge na mchana mmoja wa kazi. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ya 2013 bado ipo, isomwe kabla ya kutafuta ya jirani.

Ukiwa Mkenya na unaambiwa katiba yako ni ghali inahitaji kupunguzwa, usikimbilie kuangalia idadi ya wabunge inayotajwa ukurasa wa kwanza. Pitia mpaka nyuma, utafute majaji na mkaguzi wa hesabu wameandikwaje humo.

Na kama uko Namanga na chai imepoa, agiza nyingine.